Gogo la Hallbera

Kwenye ramani ya Aisilandi iliyo darasani, Skerjavík ni tundu la msumari.
Mwalimu aliyenitangulia alitundika kalenda pale,
na alipoondoka aliondoka nayo.

Barabara hufa mwezi wa kwanza, hufufuka wa nne.
Katikati ya hapo kuna ndege ya Jumanne,
upepo ukiridhia. Mara nyingi hauridhii.
Mchele, barua, dawa ya presha ya Ketill, mkanda wa trekta,
vyote viko mahali fulani ng'ambo ya mlima, vinasubiri kama sisi.

Kiangazi tuko thelathini na mmoja, ukihesabu wajukuu na wapiga picha.
Baridi ikiingia tuko wanane.
Mmoja wa hao wanane ndiye shule:
Ísold, miaka tisa, pengo la meno mawili.
Nikiuliza swali ananyoosha mkono,
kisha anageuka nyuma
kuona kama kuna aliyemuwahi.

Hapa hapaoti mti. Hata mmoja.
Kirefu kuliko vyote ni nguzo ya simu.
Lakini mbao tunazo hadi za kuchoma:
bahari hutuletea magogo kutoka mito ya Siberia,
yaliyokatwa na watu tusiowajua, yakawaponyoka,
yakaganda kwenye barafu miaka mitano, sita,
yakatufikia meupe, yamekolea chumvi,
magumu hata msumari hupinda.
Kila nyumba ina kipande chake cha ufuo
na alama yake ya shoka.
Ya Hallbera ilikuwa mikato miwili na nukta.
Hakuna aliyewahi kuiba gogo Skerjavík.
(Steinvör anasema liliibwa moja, mwaka wa sabini na mbili,
na Ketill analijua. Tangu hapo hawasalimiani.)

Hallbera alikuwa na miaka tisini na moja na bata mia nne.
Si wake; bata wa baharini hana mwenyewe,
ila walikuja kutaga kwake kila mwezi wa tano,
ndani ya matairi aliyowapangia,
chini ya vitambaa vyekundu vya kumtisha mbweha.
Aliinama kiota hadi kiota,
akichukua malaika yao kiasi, akiwaachia kiasi.
"Usimchukulie mtu joto lake lote," aliniambia,
nami nikadhani anasema habari za bata.

Mlima aliuvuka mara tatu:
kuzaa, kung'oa jino, kumzika dada.
Hakupapenda huko. Kelele, alisema,
na miti inaziba.

Alikufa tarehe sita Februari, barabara ikiwa imemtangulia.
Kasisi alisema kwenye simu: subirini.
Tukamlaza banda la samaki, upande wa kaskazini,
ambako baridi ni ya bure.
Ketill akaenda nyuma ya nyumba ya marehemu na taa kichwani,
akafukua theluji, akalikuta gogo
lenye mikato miwili, nukta,
na mkato wa tatu, mpya.
Alikuwa amelichagua mwenyewe vuli ile, bila kumwambia mtu,
akalipima kwa kamba ya aproni.
Lilipungua sentimita nne.
Hakuhesabu viatu.

Siku tatu tulisikia msumeno.
Na harufu ya utomvu ikatoka, baada ya maji yote yale,
harufu ya msitu ambao hakuna kati yetu aliyeuona,
ikajaa banda, ikaingia koti langu, imo hadi leo.
Steinvör alisimama mlangoni na chupa ya kahawa.
Akamimina kikombe, akakisukuma juu ya maranda.
"Haina sukari," alisema.
Ketill akanywa.

Jumatatu ilikuwa zamu ya kutoa.
Nilikuwa nimeandika ubaoni: wanane, toa mmoja.
Nikafuta kabla hajaingia, nikachora machungwa.
Ísold aliyatazama machungwa yangu kwa muda mrefu.
"Mwalimu," aliuliza, "mwezi wa tano
nani atawapangia bata?"

Tukavaa makoti, tukatoka kuhesabu matairi.
Yalikuwa mia moja na kumi na mawili,
mengine hatukuyafikia, theluji ilikuwa nyingi.
Tuliandika hivyo hivyo kwenye daftari.