Kisanduku cha Kwenda Dundee

Kila Jumatatu ya pili
nilikinga mkojo wa alfajiri kwenye kichupa,
nikakitia katika kisanduku cha kadibodi
kisichoandikwa jina la ugonjwa,
anwani tu: Dundee, ng'ambo ya maji.
Na kwa kuwa mimi ndiye mpeleka barua
wa upande huu wa Stornoway,
nilikibeba mwenyewe, nikakigonga muhuri mwenyewe,
barua ya mwili wangu
kwa watu wanaojua kuisoma.

Mimba zabibu, daktari alisema.
Jina tamu. Nilidhani nimesikia vibaya.
Yai lilikuwa tupu, akaeleza, kondo likajiotea lenyewe,
vifuko juu ya vifuko, vishada,
nyumba inayoongezwa vyumba usiku na mchana
na hana mtu wa kulala humo.
Hakukuwa na mtoto, akasema,
akidhani ananifariji.
Basi wiki kumi na moja zile
nilikuwa nikizungumza na nani?

Dukani Torcuil alikuwa akigeuza kitoroli
kabla hatujafika kwenye matunda.
Nilimwona. Sikumwambia nimemwona.

Namba zilirudi kwa simu:
elfu themanini. Elfu tisa. Mia nne na kitu.
Arobaini na mbili, wiki tatu mfululizo, haziendi mbele wala nyuma,
nami nikaacha kula vizuri.
Kisha tatu.
Kisha chini ya kuhesabika.
Sasa subirini miezi sita, wakasema, msiharakishe,
tusije tukashindwa kujua ni nani anayebisha.

Mwezi wa nne.
Sikukusudia.
Au nilikusudia kidogo,
kama mtu anayeacha mlango bila komeo
halafu anasema alisahau.

Mistari miwili kwenye kijiti.
Ugonjwa ukirudi nao huchora mistari miwili,
wino uleule, mwandiko uleule.
Nimebisha milango ya kisiwa hiki miaka tisa,
najua mbwa wa kila nyumba;
sikuwahi kusimama upande wa ndani
mkono kwenye kitasa, nikiogopa kufungua.

Mama mkwe, Ciorstaidh, alisema neno moja: Mapema.
Akaenda kuwasha birika.
Muuguzi wa Dundee hakunikaripia.
Usitutumie kisanduku tena, alisema,
namba peke yake haitatuambia kitu sasa.
Ngoja siku kumi na mbili, ukapigwe picha.

Siku kumi na mbili nimepeleka bili za umeme,
vitabu vya mbegu za maua, kadi ya rambirambi,
viatu vya mtoto kutoka Glasgow kwa jirani yangu,
navyo nilivikabidhi mkononi, nikatabasamu, akatia sahihi.
Dolina, anayepanga barua nasi, hakuuliza.
Kila asubuhi mfuko wangu ulikuwa mwepesi kuliko jana,
na wake mzito.

Chumbani mwanamke wa mashine
aliigeuzia skrini ukutani.
Akanyamaza.
Najua kimya cha namna hiyo, nilishakilalia kitanda hikihiki.
Kisha: Naona kifuko kimoja.
Kimoja, akarudia, akaigeuza skrini,
na ndani yake kitu kikipepesa
kama taa ya baiskeli yenye waya uliolegea,
mbali, kwenye mvua, lakini inakuja.

Sikulia. Niliuliza, una hakika?
Akasema, nyumba hii ina mtu.
Torcuil ndiye aliyelia, kofia yake usoni.

Watu wananiambia, unaona, Mungu amefidia.
Huyu hakuja kulipa deni la mtu.
Yule hakuwapo, nimekubali;
nafasi yake ipo.

Wiki sita baada ya kujifungua
nitatuma tena, ndiyo kanuni.
Kisanduku nimekiweka rafuni karibu na chumvi,
anwani nimeshaandika.
Kuna siku nakipita bila kukitazama.
Jana Torcuil alileta zabibu, nyeusi, kwenye mfuko wa karatasi,
akaziacha mezani bila neno.
Nilikula tatu, nimesimama.