Swichi ya Gari la Baba

Gari hili lina koo mbili.
Moja hunywa petroli, nyingine gesi,
na kati yake kuna swichi isiyozidi ukucha,
iliyolambwa na kidole gumba cha baba
hata maandishi yake yakafutika.

Juu, petroli. Chini, gesi.
Katikati si kitu: ni pale unapoiacha kabureta
imalizie matone yake huku gari likienda.
Unahesabu hadi kumi na mbili,
injini inasita, kama mtu aliyesahau jina lako,
ndipo unabonyeza.
Ukiharakisha, linapiga chafya ya mlipuko
na kifuniko cha kichujio kinarukia boneti.
Nimeshakinunua mara mbili.

Polonez, rangi ya haradali, mwaka wa tisini na tatu.
Zenon, fundi wa Sejny, aling'oa tairi la spea
akalaza mtungi wa mviringo mahali pake.
"Pancha je?" mama akauliza.
"Tutatembea," akasema baba, "lakini na pesa mfukoni."

Ila gari la baridi halitaki gesi.
Regyuleta hupashwa na maji ya injini;
maji yakiwa barafu, gesi huganda humo humo.
Kwa hiyo unawasha kwa petroli,
unangoja sindano ipande, ndipo unahama.
Baba alijua. Lakini kila lita ilimuuma,
akawa analilaza gari zizini,
kwenye joto la pumzi za ng'ombe wanne,
na asubuhi analiwasha kwa gesi moja kwa moja.
Miaka sita petroli haikuguswa.
"Ile ni akiba," alisema.

Akiba haiozi, walinena wahenga.
Hawakuwahi kuweka petroli.
Januari hii nilipofungua tangi
ilinijia harufu ya vanishi,
na kilichomo kilikuwa cheusi kama chai iliyosahauliwa,
na mpira wa pampu umekauka, umepasuka
kama kisigino.
Mshika mbili, moja humponyoka?
Hii haikuponyoka. Iliachwa tu.

Nilikuwa nimekuja kwa basi kutoka Gdańsk.
Kiharusi kilimnyang'anya baba Kipolandi chote,
cha sokoni, cha posta, cha kumtukania Zenon,
kikamwachia Kilithuania cha jikoni kwa mama yake.
Nami hicho nilikiegesha nikiwa na miaka kumi na tisa.
"Aldona," aliita, kisha maneno mengi.
Nikatikisa kichwa kama mgeni kanisani.

Nilishinda zizini siku tatu.
Niliifyonza petroli mbovu kwa mpira, nikaitema,
nikabadili pampu, na mipira yake, na nyaya za plagi,
maana gesi haisamehe waya mchovu;
nikafungua regyuleta, nikakwangua lami iliyotuama ndani,
nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo
nikivizia kiputo.
Ng'ombe amebaki mmoja. Alinitazama muda wote.
Mtungi nao una tarehe yake: unaisha mwezi wa tano.
Wa kununua mwingine sina. Bado.

Jumapili nikamketisha kiti cha mbele, na blanketi.
Petroli. Likakohoa, likashika.
Tulipoyapita makaburi ya Puńsk sindano ikapanda,
nikaweka swichi katikati,
nikahesabu kwa sauti, kwa lugha yake:
vienas, du, trys,
nikajikokota hadi dešimt,
nikakauka.
Injini nayo ikaanza kusita.

"Vienuolika," akasema baba, macho barabarani.
Kisha, kwa hasira ya mwenye gari, "dvylika!"
na kidole gumba chake
kikabonyeza hewa.