Futa

Mbale, asubuhi, Wanale bado amejifunika ukungu
hadi shingoni.
Nimeitoa kwenye mkoba wa ngozi uliopasuka,
kamera ya marehemu mjomba Kuloba,
chuma tupu, nzito kama tofali bichi,
na vijana wa boda wameshaniona.

"Mzee, hiyo redio?"
Nina miaka ishirini na tisa.
"Si redio, ni ya kupimia viwanja.
Huyo katumwa. Mtaona vibanda vikibomolewa."
Wepukhulu, koti lake kalivaa nyuma mbele,
anataka apigwe akiwa amelala juu ya pikipiki.
Nazungusha pete, nakadiria mwanga kwa kiganja,
naye analalama kutoka kitandani mwake:
"Ndugu, unapiga au unaomba dua?"

Chak.

Anaruka, anakuja nyuma ya kamera,
anakuta mgongo mweusi, hauna kioo.
Anaugonga kwa ukucha kama mtu apigaye hodi.
"Niko wapi?"
"Umo ndani."
"Nafanya nini ndani?"
"Umelala."
"Naamka lini?"
Hapo sina jibu. Filamu huenda Nairobi kwa basi
na hurudi ikipenda.

Msichana wa shule anauliza kama ni kweli
watu wa zamani hawakuwa na rangi.

Bibi mmoja ananipita, anarudi, ananusa.
Ndiyo, ananusa: ngozi, mafuta, shaba.
"Studio," anasema, kwa mtu asiyekuwepo,
kisha anaondoka kanyoosha shingo
vile walivyoamriwa enzi zile,
kidevu juu, usipumue.
Nikampiga kwa mgongo.

Kwa Nabifo muuza malewa sikuwa na nia ya kusimama.
Aliniona nimeinama, akadhani nimeangusha pesa,
akainama naye, tukaitafuta wote wawili
shilingi ambayo haikudondoka.
Alipogundua, kicheko kilimtoka chote,
meno, ufizi, pengo la kushoto.
Nikawahi.
Ya thelathini na tano.
"Utaniletea?"
"Nitaleta."
Nikaapa kwa mjomba, aliyelala Budadiri.

Ya mwisho niliitumia vibaya.
Nilipenda kivuli cha benki, kilivyoikata barabara,
sikuiona bunduki mpaka alipokohoa mwenye nayo.

"Futa."
"Haifutiki, afande."
"Kila kitu kinafutika."
"Hii haina pa kufutia."
"Basi nionyeshe."
"Haionyeshi."
Afande Okurut akanitazama kwa huruma,
kama fundi anayemtazama mwongo asiyejua kazi yake.
"Picha haionekani, haifutiki.
Hiyo ni picha au ni jini?"
Watu wakajaa, simu juu, kila mmoja na yake,
wananipiga picha mimi niliyekatazwa kupiga picha.
"Fungua."

Nikafungua.

Hakukutoka moshi, hakukutoka sauti.
Filamu ikaning'inia kama utumbo wa kuku,
jua la saa sita likaingia chumbani mwa waliolala
likawaamsha wote kwa mpigo, kupita kiasi:
Wepukhulu na pikipiki yake,
mgongo wa bibi,
wiki tatu za mji,
shilingi ile.
Afande akauinua utepe, akauchungulia.
"Mbona hamna kitu? Kumbe ulinidanganya tu."
Akanipigapiga begani. Nenda zako, kijana.

Ijumaa nilirudi na filamu mpya, na maelezo.
Nabifo alisikiliza huku akifunga mafungu.
"Ziliungua?"
"Kwa mwanga, mama."
"Si uliniambia mwanga ndio unaozitengeneza?"
"Ndio huohuo."
Akanyamaza. Akaenda nyuma ya kibanda,
akarudi na gomesi la harusi za watu,
mabega yamechongoka, uso unang'aa mafuta.
Akasimama. Kidevu juu. Hakupumua.

Chak.

"Hii utaleta," akasema,
akimhesabia mteja chenji, bila kuinua macho.
"Lakini ile,
ile nilicheka."