Marekebisho Mawili Bure

Nafasi tatu zimebaki, niliandika.
Uso na mabega, dola ishirini na tano,
mwili mzima arubaini,
mnyama wa kubuni, tutaelewana.
Sichori bendera. Sichori bunduki.
Sichori kwa anayenisumbua saa nane za usiku.
Marekebisho mawili bure. La tatu unalipia.

Punta Arenas upepo haupigi hodi.
Manispaa imefunga kamba barabarani
watu wazima washikilie wasipeperushwe,
nami humu chumbani, jiko la gesi kisiginoni,
nashikilia kalamu isiyo na wino
juu ya kioo chenye ufa pembeni.

Nimemchora mbweha mwenye mikia mitatu
kwa bwana mmoja wa Winnipeg. Akarudi:
wa kati uinuke, wa kulia ushuke,
la, wa kati ushuke.
Nimechora joka ndani ya sweta.
Nimechora wapenzi ambao hawajawahi kuonana
wamekaa benchi moja,
kwa kuwa aliyelipa alitaka benchi.
Mama hupita nyuma yangu na beseni:
"Yanina, hao watu kwao hawana vioo?"

Mama, miaka thelathini na moja kiwandani
akivunja miguu ya kaa, akichomoa nyama
ndefu, nzima, bila kuikata.
Kwake kazi ni kitu unachorudi nacho nyumbani
kikinuka.
Hii yangu hainuki.

Ndipo ikaja oda ya Oddný, wa Akureyri,
Kihispania cha mashine, adabu tele:
"Naomba mkono wa mama yangu. Wa kushoto,
alikuwa mashoto. Unamenya kiazi."
Picha ni moja, na mama mwenyewe hayumo:
ukingo umemla hadi kwenye kiwiko,
kimebaki kisu na ukungu wa vidole.
"Gumba lilivunjika akiwa msichana.
Pete ilikuwa imezama nyamani.
Mengine sikumbuki.
Nilikuwa natazama viazi."

Nikamwambia mama, keti hapa, menya.
Akaketi kama anayepimwa presha.
"Polepole, mama."
"Viazi havimenywi polepole. Vinamenywa vikaisha."
Nikauchora wa kulia,
kisha nikaipindua picha kwa mguso mmoja
na mama yangu akawa mashoto.
Gumba nikalivunja mwenyewe, taratibu,
mistari miwili.
Nikalaza jina langu mshazari juu ya rasimu,
maana wezi wa picha hawana usingizi,
nikatuma.

Mama akauliza, shilingi ngapi hiyo ya huko kwao?
Dola themanini, nikasema.
Kisu kikasimama.
"Mkono mmoja?"
"Mmoja."
"Mimi niliwauzia yote miwili,
na miguu ya kusimamia nikawaongeza."
Akacheka mpaka maganda yakamwagika,
akaacha kucheka kabla yangu.

Asubuhi Oddný amejibu.
Umekaribia sana, anasema.
Naomba kitu kidogo, kama bado ni bure:
kucha ziwe na uchafu.
Vile viazi alikuwa anavichimba mwenyewe.

Nikamsomea mama, chai yake mkononi.
Akazitazama kucha zake,
safi tangu astaafu, zimekatwa sawasawa,
hata harufu ya kaa imeziacha.
Hakusema neno. Akafungua mlango wa nyuma,
upepo ukaingia ukageuza kalenda miezi miwili,
nikamwona dirishani ameinama kwenye tuta,
skafu inamchapa usoni,
anafukua kwa vidole kama aliyeangusha hereni.

Akarudi. Hakunawa.
Akavuta kiti, akachagua kiazi kikubwa.
"Haya," akasema, "rekebisha."