Kiima

Mbale ya Vihiga, mwezi wa mvua ndefu.
Dirisha namba tatu lina ufa, tumeuziba kwa plasta.
Nyuma ya ufa huo ni mimi,
Hezron Amugune, karani, miaka kumi na mmoja.

Zamani barua nilizipiga chapa kwa vidole viwili.
Nikikosea jina la mtu, nampigia simu, naomba radhi.
Tangu Januari zinajiandika.
Kuna akili mnemba mahali fulani,
wengine husema Nairobi, wengine husema hewani,
na kazi yangu ni kuchomoa karatasi ingali na joto
na kusema: Mfumo umekataa.

Nimewaambia hata mapacha wawili wazee wa Hamisi,
mmoja kakubaliwa, mwenzake kakataliwa,
nao wamevaa makoti ya kitambaa kimoja.
Mfumo umekataa.
Ni maneno mepesi. Hayaachi ladha kinywani.

Jumanne akaja Mwalimu Truphena Kageha,
aliyenifundisha Kiswahili darasa la sita, Chavakali,
akanichapa kwa ajili ya "kitabu yangu".
Posho yake ya uzeeni imekatwa.
Hakunikumbuka, au alijifanya.
Alisoma barua kwa sauti, foleni nzima ikisikia:
"Imeamuliwa kwamba hustahili."
Akavua miwani.
"Imeamuliwa. Na nani?"

Na mfumo, mwalimu.
"Mfumo uko ngeli gani?"
Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili tena,
magoti wazi, vumbi la chaki puani.
U-I, mwalimu. Mfumo, mifumo.
"Pamoja na nini?"
Mkeka. Mlango. Mwiko.
"Basi uji ukinimwagikia, niushtaki mwiko,
ama nimtafute aliyeushika?"

Nikafungua faili. Kwa mara ya kwanza nikabofya
kile kidoto cha kijivu pembeni, kilichoandikwa Sababu,
ambacho semina ya Kisumu ilikiruka
kwa kuwa samaki walikuwa wameshaiva.
Nikaona: umeme.
Mita iliyo kwa jina lake inakula tokeni kama hoteli.
Ni kinu cha posho cha mwanawe Enos,
waya umevutwa kutoka ukutani kwa mama.
Mashine imehesabu ugali wa kijiji kizima
ikamwona tajiri.
Posho imekatwa na posho.

Haikusema uongo, na hilo ndilo lililoniuma.
Iliambiwa: mwenye umeme mwingi ana pesa.
Aliyeiambia ana jina, ana mshahara, ana kiti cha kuzunguka,
na hakuna ukuta katika kaunti hii
ilipobandikwa kanuni yake tuisome
kama tunavyosoma bei ya mbolea.

Sina mamlaka ya kugeuza kitu.
Nina kalamu ya bluu.
Chini ya lile Imeamuliwa nikaandika:
Mashine imependekeza. Mimi nimesoma. Sikubaliyani.
H. Amugune, dirisha la tatu, na namba yangu ya simu.
Muhuri nikaugonga hadi plasta ikatikisika.

Mwalimu akaomba kalamu.
Nilidhani anataka kutia sahihi.
Akaifuta ile y.

Leo Alhamisi. Msimamizi ameniita mara mbili.
Posho haijarudi; rufaa imelala kwenye trei,
na trei nayo, nimeangalia, haina jina la mtu.
Lakini foleni imejifunza. Anayefika
anabandika barua yake juu ya ufa,
haulizi nini tena, anauliza nani,
na mara nyingine jibu ni mimi,
na usiku silali vizuri kama zamani.

Mapacha wa Hamisi wamerudi, makoti yaleyale.
Nimebofya kidoto cha kijivu.
Kinazunguka.
Nimewavutia benchi.
Kinazunguka bado.