Mizani ya Kibaigwa

Nilisema tu: mizani yako inapunja.
Chilongani akanijibu kwa deni la kaka yangu,
mbuzi wawili, tangu mwaka wa njaa.
Nikasema: mizani.
Akasema Kongwa nzima hupima hapa,
wote hao vipofu, mwenye macho ni Mchiwa?
Akamfufua na babu yake, aliyepima uwele kwa mizani hii hii.
Mwisho: "Basi tufunge soko, mama, watoto walambe vumbi?"
Watu wakacheka. Na mimi, aibu yangu, nikacheka kidogo.

Kisha nikaazima kwa Ndahani
mfuko wa sukari, uzi wa kiwandani haujakatwa,
hamsini.
Nikauning'iniza.

Mshale ukapanda, ukatetemeka,
ukakaa arobaini na saba.

Haukuuliza kaka yangu ni nani.