Kura za Korosho Ghafi

Ghala la Kitama limejaa hadi mbao za paa,
nasi wenyewe tumejaa nje, juani,
tukingoja katibu wa chama afungue bahasha za wanunuzi.
Akasoma bei ya juu. Akasoma ya chini,
polepole, kama mtu anayetaja saa ya mazishi.
"Haya, wakulima. Tunauza, hatuuzi?"

Mimi ndiye mwenye daftari la mizani.
Najua kilo za kila mtu, na deni lake,
kwa hiyo mikono ilipopanda
nilisoma zaidi ya mikono.
Wa Hokororo ulikataa, una saa ya dhahabu:
tani nne, huyu anaweza kungoja hadi Pasaka.
Wa Somoe Nampoto ulikubali, ukainama kiwikoni:
kilo sitini na mbili, ada ya mtoto Nanyamba,
na aliyemkopesha salfa kasimama mgongoni pake.

"Wengi wape," katibu akasema. "Tunauza."

Somoe akainuka, kanga ina vumbi la gunia.
"Wengi wape, sikatai.
Lakini wengi hawa wamehesabiwa na anayewadai.
Leteni madebe mawili, tupige nyuma ya ghala,
mmoja mmoja, korosho moja moja."

"Katiba ya chama haitaji madebe."

"Wala haitaji mtu wa kunipumulia shingoni."

Tukacheka. Kisha tukaleta madebe.
Tulitandika majani makavu ndani,
maana hata mlio wa korosho una masikio.
Mchana kutwa tulipita, ngumi zimefumba,
aliyetoka alitazama miguu yake.

Nilihesabu mara mbili, mashahidi wakihema:
Tunauza, mia na thelathini na saba.
Hatuuzi, mia na arobaini.

Mnada uliofuata bei ilishuka shilingi ishirini.
Siwafichi.
Tulitafuta wa kumlaumu, tukamkosa,
kila mtu akarudi na kipande chake cha lawama
akakilaza nyumbani kwake.

Na zile kura?
Jioni ile ile tulizikaanga kwenye bati bovu,
tukazibangua, tukagawana, na mwenye salfa akapewa.
Wino wa uchaguzi ule mkubwa
ulinitoka kwa sabuni ndani ya juma.
Huu wa maganda bado ninao:
nikifungua daftari kuandika deni la mtu,
kidole kinaacha doa jeusi
pembeni ya jina.